Penye Maji Ndipo Penye Ndege: Kutazama Ndege katika Nyika ya Mkomazi

Walimu, vijana mnaosomea uongozaji wa watalii, nanyi askari mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na sare zenu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mgeni akiingia lango la Zange saa 4 asubuhi, akazunguka na gari mpaka saa 8 mchana, atarudi mjini Same akisema Mkomazi haina ndege. Wala hasemi uongo. Kwa saa hizo nne ameona jua, vumbi jekundu, na hondohondo mmoja aliyeachama mdomo kivulini. Hifadhi hiyohiyo ina aina zaidi ya 400 za ndege zilizokwisha kuorodheshwa. Kilichomponza ni saa aliyoingia, na kule kuzunguka kwenyewe. Nyika haitaki mtu wa kuikimbiza. Inataka mtu wa kuwahi, akae, azime injini na afunge mdomo.

Kwanza tujue tumesimama wapi. Milima ya Usambara na Upare inakamata sehemu kubwa ya unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, na Mkomazi imebaki nyuma yake, mahali mvua inapofika imekwisha nguvu. Eneo lina kilomita za mraba zipatazo 3,245. Lilikuwa pori la akiba tangu 1951, likawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Kaskazini linapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na ndege hana habari na mpaka. Migunga na miti ya jamii ya manemane mnayoiona hapa ni ncha ya kusini ya nchi kavu inayopanda kupitia Tsavo hadi Somalia na Ethiopia. Ndiyo maana tuna ndege ambao mtu wa Serengeti hawapati kwake: kanga mwenye kichwa na shingo tupu kama tumbusi, kifuani manyoya marefu ya buluu na meupe yananing'inia kama shanga, na kwezi wa kifua cha dhahabu, mwenye mkia mrefu mwembamba, ambaye akipigwa na jua la asubuhi hata dereva aliyechoka hugeuza shingo. Mgeni aliyetoka kwao na orodha mkononi, hao wawili huwa wamepigiwa mstari.

Neno juu ya majina. Mtu akikwambia ameona "mwewe" bado hujajua kitu, kwa sababu mwewe wa mmoja ni kipanga wa mwingine, na kozi wa wa tatu. Mpare, Mmaasai na Msambaa kila mmoja ana majina yake, mengine yamechaguliwa vizuri kuliko ya vitabuni. Yaandikeni yote, lakini pembeni muweke jina la kisayansi. Nikisema firigogo hapa, yule ndege wa ardhi kavu mwenye umbo la njiwa, nusu yenu mtadhani njiwa mwenyewe. Nikisema Pterocles decoratus, mtu wa Nairobi, Muscat na Berlin wote wanafungua ukurasa mmoja.

Sasa vifaa, na sitakaa sana. Darubini ya 8x42 inatosha. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita. Wengi hutamani 10x42 kwa kudhani kubwa ndiyo bora, halafu wakifika hapa picha inatetemeka mikononi, na kufikia saa 4 mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini nao unakuzwa mara kumi. Darubini nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu hazijarekebishwa tu. Fanya hivi mara moja, kabla ya kutoka nyumbani: funga jicho la kulia, tazama kibao chenye maandishi umbali wa mita 30 hivi, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha funga la kushoto, uache gurudumu palepale, na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nalo lisome. Angalia alama ya pete imesimama wapi na uikumbuke, maana mtoto akiichezea utajua pa kuirudisha. Mwenye miwani akunje chini vikombe vya mpira, la sivyo ataona duara dogo tu katikati ya giza.

Adui wa darubini Mkomazi ni vumbi. Ukifuta lensi kavu kwa kanga au shati unasugua mchanga juu ya kioo, na mikwaruzo ile haitoki tena. Geuza lensi itazame chini, pulizia kwa kipulizo cha mpira, pitisha brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani kilicholowa kidogo. Beba pia mfuko wa kitambaa wenye kilo moja na nusu ya mchele au dengu, uulaze kwenye ukingo wa dirisha la gari na uegemeze darubini au kamera juu yake. Unashika kuliko miguu mitatu ya chuma, na siku gari likikwama mnapika.

Tuje penye maji, ambapo ndipo hasa nilitaka kufika.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Oktoba, madimbwi ya porini yanakauka na maji yanabaki sehemu chache kama bwawa la Dindira. Lakini si kila ndege atakuja kunywa, na hapa ndipo watu hupoteza asubuhi nzima. Anayekuja ni mla mbegu: njiwa, tetere, pugi, firigogo, kwelea na wenzao wadogo. Mbegu kavu haina maji, kwa hiyo asiponywa anakufa. Mla wadudu hupata maji ndani ya mdudu, na tai huyapata ndani ya nyama. Ukimngoja kipwe bwawani utamngoja sana. Huyo mtafute kwenye migunga kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, wadudu wakiwa bado wazito kwa baridi, na yeye akiimba juu ya kichaka kabla ya kujificha ndani yake.

Kwa hiyo mpango ni huu. Lango likifunguliwa saa 12, tumieni saa ya kwanza na nusu kwenye vichaka, mwendo wa kilomita 10 au 15 kwa saa, mkisimama kila mnaposikia sauti. Saa 1 na nusu muwe mmeshafika kwenye maji. Egesheni upande wa mashariki ili jua liwe mgongoni mwenu. Ukikaa magharibi utaona vivuli vyeusi vikinywa maji ya fedha, na hakuna kitabu kinachotambulisha vivuli. Mita 40 kutoka ukingoni zinatosha. Msikae kati ya maji na kile kichaka ambacho ndege wanatua kwanza kuchungulia. Kila dimbwi lina kichaka cha namna hiyo, na mkikiziba hawateremki. Zimeni injini. Milango isifunguliwe, kwa usalama na kwa sababu ndege anaogopa umbo la mtu zaidi ya umbo la gari. Dakika 20 za mwanzo hazitakuwa na kitu. Hapo ndipo mgeni huomba mwendelee mbele, na mwongozaji asiyejua kazi hukubali.

Firigogo hushuka kuanzia saa 2 hadi saa 4 hivi. Utamsikia kabla hujamwona, makundi madogo yakiitana angani kwa mluzi wenye mikwaruzo. Aliye wetu zaidi huku ni yule mwenye uso mweusi, na dume ndiye mwenye alama hiyo nyeusi kuzunguka mdomo. Hatui majini moja kwa moja. Anatua pembeni kwenye ardhi tupu, anaganda kama jiwe, na rangi yake inammeza kabisa. Anatazama. Kisha anatembea haraka kwa miguu mifupi, anakunywa kwa kuzamisha mdomo na kunyanyua kichwa, mara chache tu, na kundi zima linaruka kwa pamoja. Ukichelewa kuinua darubini imekwisha. Iweke usoni tangu walipotua, usingoje waanze kunywa.

Msimu wa vifaranga, mtazameni dume asiyeondoka na wenzake. Anaingia majini mpaka tumboni, anajitikisa juu-chini kama mtu anayesuuza nguo kwenye karai. Manyoya ya tumbo lake yana nyuzi zilizojisokota, ambazo zikilowa hufunguka na kushika maji kama sifongo. Mwaka 1967 Tom Cade na Gordon Maclean walichapisha uchunguzi wao juu ya firigogo wa Kalahari, aina ya Namaqua, wakathibitisha kwamba dume hubeba maji hayo hadi kwa vifaranga, nao huyanyonya kwenye manyoya. Firigogo yule hubeba takriban mililita 25, ambazo ni kama asilimia 15 ya uzito wake. Pima mwenyewe: chukua vijiko vitano vya chai vya maji, uvimimine kwenye pamba, halafu ufikirie kuruka nayo kilomita kadhaa bila kuikamua kwa upepo. Gari linalosogea ukingoni wakati dume amelowa nusu linamrusha na maji pungufu, na vifaranga waliobaki juani hawana njia nyingine ya kunywa. Basi sheria yetu iwe kwamba kuanzia firigogo wa kwanza atue, gari haliwashwi mpaka dakika 10 zipite bila kundi jipya.

Ndege wote wakiruka ghafla, usihangaike kuwahesabu wanavyotawanyika. Tazama juu, halafu kwenye mti ulio karibu na maji. Mara nyingi kuna kipanga, na huyo ndiye uliyekuwa humwoni muda wote.

Saa 4 ikipita, ondokeni kwenye maji mtafute vichuguu. Huku ukavuni hondohondo ana ushirika na nguchiro wadogo wanaolala vichuguuni. Ulichunguzwa ng'ambo ya mpaka, kwenye nyika ya Taru. Hondohondo huja asubuhi kwenye kichuguu na kuwangoja nguchiro waamke, wakichelewa huwashtua, kisha huandamana nao wakila panzi wanaofukuliwa. Yeye naye huwapigia kelele kipanga anapokuja. Ukimkuta hondohondo ametua juu ya kichuguu bila kazi, simama, kuna kitu kitatoka. Mtambue hivi: mwenye bawa jeusi lisilo na madoa, mdomo mwekundu uliofifia nchani, ni dume wa von der Decken. Mwenye bawa hilohilo na mdomo mweusi ni jike wake, wala si aina nyingine. Kosa hili liko kwenye orodha nyingi za wanafunzi, aina mbili kumbe ni mume na mke. Mwenye mdomo mwekundu na bawa lenye madoa meupe, huyo kweli ni mwingine. Na msimu wa kutaga usishangae kuona madume watupu. Majike wamejifungia ndani ya matundu ya miti, mlango umezibwa ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula.

Kitu kingine ambacho watu hukipita kila siku ni rundo la vijiti vya miiba juu ya mgunga. Hicho ni kiota cha mnana mkubwa mwenye kichwa cheupe na kiuno chekundu. Mengi ni matupu au yana mwenyewe. Lakini chunguza mdomo wa kiota, na ukiona kinyesi cheupe kimeganda pembeni, tazama matawi makavu ya mti huo na wa jirani. Huenda ukamkuta kozi mdogo kuliko wote wa Afrika, sentimita 20 hivi, mdogo kuliko tetere, amekaa wima mweupe kifuani. Mwenye mgongo wa kijivu ni dume, mwenye mgongo wa hudhurungi ni jike. Hajengi, anapanga kwa mnana. Ukimtazama kwa mbali bila darubini utamwandika mbwigu na kuondoka.

Wanaochanganywa zaidi ni kambu. Wa kifua cha zambarau yupo mwaka mzima, mkia wake una nyuzi mbili ndefu. Wa Ulaya huwa huku kati ya Novemba na Aprili, kichwa na kifua ni buluu ya maji bila zambarau, mgongo wa hudhurungi, mkia butu. Tatizo ni kwamba nyuzi hukatika, na makinda hawana. Kwa hiyo usiamue kwa mkia, amua kwa rangi ya koo. Kwa kwezi, tazama macho na kifua: mwenye jicho jeupe na mstari mweupe kifuani ni yule wa kawaida anayeokota makombo kambini. Asiye na mstari, jicho jekundu, ni Hildebrandt. Mwenye jicho la chungwa, mwili wa zambarau na tumbo la rangi ya kutu iliyokolea, huyo ni Shelley, mgeni kutoka upande wa Somalia na Ethiopia, na ukimpata piga picha.

Vuli ikianza nyika inageuka. Majani yanaficha ndege, lakini fumbwe dume, ambaye kiangazi alikuwa kidude cha kahawia kama shomoro, anaota mkia mrefu mweusi. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, tazameni juu: kozi wa Amur, aliyetoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, akavuka Bahari ya Hindi, hupita Novemba na Desemba akiwadaka hewani kwa mamia. Upande wa Tsavo, hoteli ya Ngulia imekuwa kituo cha kuvalisha ndege pete tangu 1969, kwa sababu usiku wa ukungu usio na mwezi taa zake huwavuta wasafiri wa usiku kutoka Ulaya na Asia. Ubaya wa vuli na masika ni barabara. Udongo mweusi wa bondeni ukilowa unashika gurudumu kama ugali, hata gari la kuvuta magurudumu yote manne linakaa. Mvua ikinyesha usiku, kaeni kwenye udongo mwekundu.

Uandishi wa kumbukumbu. Tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali kwa vipimo vya GPS, hali ya hewa, aina na idadi. Ndege usiyemjua, andika kabla ya kufungua kitabu, maana kitabu kina tabia ya kukupa alama ambazo hukuziona. Anza na ukubwa ukilinganisha na shomoro, njiwa, kanga au tai. Kisha mdomo, miguu, mkia, alichokuwa anafanya. Rangi iwe ya mwisho, kwa kuwa jua la jioni hufanya kila kitu kiwe chekundu. Kundi kubwa, hesabu kumi kwa uhakika, uone wanachukua nafasi gani, halafu upime kundi kwa nafasi hiyo. Na "wengi" si idadi. Afadhali "kama 300" iliyokosea kidogo. Peleka orodha kwenye eBird au Tanzania Bird Atlas, miradi inayokusanya kumbukumbu za ndege, na useme wazi kama umeandika kila aina uliyoiona au zile zilizokufurahisha tu, kwa sababu mtafiti anazitumia tofauti.

Kuna jambo nalisema kwa ukali kidogo. Kumpigia ndege sauti yake kwa simu ili atokeze ni mazoea yaliyoenea kwa sababu bakshishi huongezeka. Ndege anadhani adui ameingia kwake, anaacha kulisha au kuatamia ili apigane na spika. Msimu wa kutaga, usipige kabisa. Wakati mwingine, ukilazimika, sekunde chache na unyamaze. Akijibu umeshamwona, kurudia ni tamaa. Kiota nacho, ukikata tawi moja upate picha safi umewafungulia dirisha kunguru na jua la saa 7.

Tumbusi. Kwa askari hasa. Tumbusi wa mgongo mweupe na wa Rüppell wamo kwenye daraja la hatari kubwa mno ya kutoweka tangu 2015, na sumu kwenye mizoga ni sababu kubwa. Mkikuta tumbusi wawili au zaidi wamekufa mahali pamoja, au mmoja anayumba, kichwa chini, msiguse, wala msivute mzoga kwa mkono mtupu, sumu nyingine hupita kwenye ngozi. Chukueni vipimo vya GPS, picha kutoka mbali, idadi, na mpige redio kituoni mara moja. Mzoga lazima uteketezwe siku hiyohiyo na wenye vifaa, la sivyo kesho wengine 30 watakuwa wameshuka juu yake. Tai mkubwa wa nyika, pungu na ndege karani nao tangu 2020 wamo kwenye daraja la hatari, kwa hiyo kila mmoja anayeonekana aandikwe, hata kama mmemzoea.

Kesho. Gari linaondoka hapa saa 11 na robo alfajiri, si na nusu. Malipo ya kuingia yakamilishwe leo, kwani langoni hawapokei fedha taslimu. Maji lita tatu kwa kila mtu, kofia, nguo za kaki au kijani iliyofifia. Buluu na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazipenda. Viti vya dirisha upande wa kushoto wakae wenye darubini, tutakapoegesha Dindira maji yatakuwa upande huo. Simu ziwe kimya. Kalamu za risasi, tafadhali, za wino hukauka kwa joto. Wanaotaka kurekebisha darubini zao wazilete hapa mbele sasa hivi, wakati bado kuna mwanga wa kusoma kile kibao cha getini.